Mama Rangi na Vijino Kumi na Sita

Watu wanaojua kuziba meno ni wengi, na kila mmoja ana cheti chake ukutani. Wanaojua kuziba jino mpaka mwenye jino mwenyewe asahau ni lipi lililozibwa, hao ni wachache, na mmoja wao hakuwa hata daktari. Alikuwa msaidizi. Mama wa miaka hamsini na minne, mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vya mpira visivyopiga kelele, na kila mtu alimwita Mama Rangi. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki huko huko kwenye kitambulisho.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia. Ukimaliza ngazi unakutana na viti sita vya plastiki, meza ya mapokezi, na binti wa mapokezi ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kadi, kupokea simu, kuagiza dawa na glavu, na kuwaambia watu kwamba hawatasikia maumivu. Chumba cha kazi kilikuwa na kiti kimoja tu cha mgonjwa na dirisha pana lililotazama ukuta mweupe wa jengo la jirani. Dirisha hilo Mama Rangi alilipenda kuliko mashine zote za mle ndani. Taa ya kiti inadanganya, alikuwa akisema, taa ya darini inadanganya, na daktari naye akichoka anadanganya.

Zamani jino likitoboka lilizibwa kwa madini ya kijivu. Ukicheka, watu wanadhani umegongelewa misumari. Siku hizi kuna dawa laini yenye rangi ya jino. Inatoka kwenye bomba dogo, inapakwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linamulikwa kwa taa ya bluu mpaka linakuwa gumu kama jiwe. Kazi nzuri kweli. Lakini ni rangi ya jino gani? Wanaosema meno ni meupe hawajawahi kutazama meno. Kuna yenye manjano, kuna yenye ukijivu, kuna yaliyopata wekundu kwa mbali, na kuna yale ya wanywaji wa chai wa miaka ishirini. Kwa hiyo kila kliniki ina kibao cha rangi: vijino kumi na sita vya mfano vilivyopangwa kwenye fremu, kila kimoja na herufi na namba yake, A1, A2, A3, B2, C3, na kuendelea. Unasogeza kijino mdomoni mwa mgonjwa, unakilinganisha na jino lake, na ukikosea, basi umemwandikia mtu kosa lako usoni.

Mama Rangi hakuwa anakosea. Kabla daktari hajagusa chochote, kabla ya ganzi, alimshika mgonjwa mkono na kumpeleka dirishani. Kama ni mwanamke aliyepaka rangi ya mdomo, aliifuta bila kuomba ruhusa. Alimwambia alambe meno yawe na mate, maana jino likikauka linajifanya jeupe, na ukilichagulia rangi likiwa kavu umeumia. Alitazama kwa sekunde tano, hazizidi. Kisha aliinamisha macho akatazama aproni yake, aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha kijivu ili macho yapumzike, halafu akainua tena. Akishasema rangi, imekwisha. Mfua vyuma mmoja alirudi baada ya mwaka na jino lingine bovu, akaulizwa lile la kwanza ni lipi, akapapasa kwa ulimi weee, akashindwa. Mama Rangi alicheka siku hiyo mpaka akashika ukuta.

Na kulikuwa na siri. Daktari, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya ajabu, aliyeweza kuchonga pembe ya jino mpaka ukadhani limeota, macho yake hayakuwa yakitenganisha rangi. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa ndugu wa tumbo moja, na hizo manjano zilizopauka za meno ndiyo usiseme. Alikuwa hivyo tangu kuzaliwa, na mpaka anahitimu hakuna aliyemuuliza. Wiki ya pili tangu waanze kufanya kazi pamoja alimzibia mwalimu wa kwaya jino la mbele likatoka kama punje ya hindi. Mgonjwa alipoondoka, daktari alifunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaungama.

"Mikono nitakuwa mimi," akamwambia, "macho utakuwa wewe. Ukikubali."

"Nimekubali, Daktari. Lakini punguza na hiyo sauti, nje wanasikia."

Tangu hapo waliishi kwa mchezo wao. Daktari alikuwa akiuliza kwa sauti ya mkubwa, "Mama Rangi, unaonaje hapo?" Naye alijibu kwa adabu, "Nadhani, Daktari, ulikuwa unafikiria A2." "Hasa," alisema daktari, "ndiyo niliyokuwa nafikiria." Mgonjwa alitikisa kichwa kwa kukubali, amevutiwa na elimu ya daktari. Miaka kumi na minne walicheza mchezo huo, wakawa chanda na pete, na hakuna aliyewashtukia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kidogo kidogo.

Yalianzia nyumbani. Mama Rangi alikuwa akiishi na bintiye, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa miaka thelathini mwenye kicheko cha kupasua vioo. Siku moja mama aliyaangalia mashuka kwenye kamba akakunja uso. "Haya ndiyo umefua? Mbona hayajatakata?" Binti akasema yametakata. Mama akasema yamefubaa. Wakabishana, mama akayarudisha kwenye beseni akayafua upya, akaanika, yakawa yale yale. Akalaumu sabuni. Kazini akaona kioo cha dirisha lake kina ukungu, akakifuta Jumatatu, akakifuta Jumatano, Ijumaa akapanda juu ya stuli akakifuta kwa nje. Ukungu ukabaki. Kisha asubuhi moja akashika kibao chake, akakuta vijino vitatu ambavyo miaka yote vilikuwa mtu na dada zake, sasa vimekuwa pacha. Mwezi uliofuata pacha walikuwa sita.

Akaaga kwamba anakwenda kwenye mazishi, akaenda kwa daktari wa macho upande wa pili wa mji. Daktari huyo alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Nyuma ya jicho, mama, kuna sehemu ndogo sana inayotambua rangi na vitu vidogo vidogo. Ya kwako inachakaa. Macho yote mawili."

"Itarudi?"

"Hairudi. Tunaweza kujaribu kuichelewesha."

"Ni ile taa? Kuna taa ya bluu tunagandishia dawa kazini. Ina kioo cha rangi ya chungwa cha kujikinga, sasa mimi nilikuwa nakisogeza pembeni nione kazi inavyokaa."

Daktari wa macho akasema hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema siyo; umri nao una mambo yake. Kisha akauliza, "Kazini unafanya nini hasa, mama? Kazi ya kutazama vitu kwa makini?"

"Aa, hapana," akajibu Mama Rangi. "Mimi nashika tu ule mpira wa kunyonya mate."

Alishuka ngazi za hospitali ameshikilia ukuta, na hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka miguu ikafa ganzi. Kilichokuwa kinamla hakikuwa kuzeeka. Kila mtu anazeeka. Kilichomla ni kwamba bila macho yale yeye alikuwa nani pale kliniki? Mama mmoja wa kuosha vyombo. Kliniki ingepata mwingine kesho. Na akisema, angemwaga unga wa watu wawili, maana daktari asiyeona rangi bila Mama Rangi ni fundi cherehani asiye na tepu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akajifuta uso, akarudi kazini, akasema mazishi yalikwenda vizuri.

Akajifunza kutazama kwa pembeni, kwa sababu katikati ya jicho palikuwa na kiwingu na pembeni bado palikuwa safi. Akawa anainamisha kichwa upande kama kuku aliyeona punje. Wagonjwa walidhani anatafakari sana. Na akapata njia. Watu wazima wengi, hasa wa chai na kahawa, meno yao huangukia A3 au jirani na A3. Basi akiwa hajui, A3. Na hakuwa anajua kamwe. Alimpeleka mgonjwa dirishani, akamfuta mdomo, akamlambisha meno, akatazama sekunde tano, akatazama aproni, akatazama tena, mwendo ule ule wote, kisha akasema, "Nadhani, Daktari, ulikuwa unafikiria A3."

"Hasa," akasema daktari.

Wengi waliondoka wameridhika. Ukitoka kwenye kile kiti, mdomo umekufa ganzi na hofu imekwisha, utaridhika hata na jino la bandia la mbuzi. Lakini wawili walirudi. Mmoja alikuwa muuza simu, kijana mtanashati, akasema jino lake linaonekana kama ameazima kwa jirani. Daktari akamuuliza, "Unavuta sigara?" Akasema anavuta. "Ndiyo hiyo," daktari akasema, tena kwa kujiamini kabisa. Mama Rangi alikuwa amesimama pale na trei mkononi. Alisikia. Akajitia hamnazo. Kijana akateremka ngazi akijilaumu kwa sigara zake. Mimi hapo ndipo ninapomkasirikia huyu mama, na yeye mwenyewe alijikasirikia. Lakini asubuhi alivaa aproni.

Mwezi wa tano wa A3, binti yake alivunja jino la mbele. Alifungua chupa ya soda kwa meno. Jambo ambalo mama yake alikuwa amemkataza tangu akiwa na miaka saba, na akamkataza mbele ya wageni, na akamkataza kwa kumfinya. Pembe ya jino ikaondoka, akabaki na pengo la mshazari.

"Wewe mtoto una wazimu?" mama akafoka. "Nyumba nzima ina vifungua chupa vitatu!"

"Mama, nisaidie kwanza, matusi yatafuata."

Kesho yake alikuwa kliniki. Daktari alimpokea kama mwanawe, maana alimjua tangu akiwa sekondari. "Huyu ni wetu," akasema akielekea kunawa mikono. "Mama Rangi, leo chukua muda wako wote."

Akampeleka dirishani. Akamfuta mdomo. Akasogeza kibao, na vijino kumi na sita vikamtazama, vyote sawa, rangi moja ya uji. Daktari alikuwa amewapa mgongo, maji yanatiririka. Palikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya: kusema, mwanangu, sioni. Neno hilo halikutoka.

Lakini A3 pia haikutoka. A3 ilikuwa rangi ya watu, na huyu hakuwa watu, alikuwa mwanawe. Akakumbuka jikoni kwao, miaka ile anajifunza kazi, alipokuwa akimkalisha binti huyu kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, anajizoeza kwenye meno yake mpaka mtoto anadondosha udenda na kulalamika. A1. Ilikuwa A1 kila siku, Jumapili hadi Jumamosi. Hilo hakuhitaji macho kulijua.

"A1," akasema. Hakumzungusha daktari kwa mchezo wao. Alisema kwa sauti nzima, na moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Daktari akaziba. Kwa mikono ile yake, ilikuwa kazi ya kupendeza. Ile pembe ilirudi kama haikuwahi kuondoka. Binti akapewa kioo, akatazama, akasema asante, na kweli lilikuwa limelingana, kwa sababu meno yote ya mbele yalikuwa yamekaushwa kwa hewa na pamba kwa dakika arobaini, na jino kavu, nilishasema, linajifanya jeupe. Kesho yake, binti aliporudi kutoka shuleni, mama akamsimamisha mlangoni kwenye mwanga. "Hebu cheka nione." Binti akacheka kidogo. Mama akainamisha kichwa upande, akatazama. "Kazi safi," akasema. Binti akashusha mkoba begani, akasema, "Ndiyo, mama, ni safi." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Baada ya hapo mama aliona tu kwamba nyumba imetulia. Kile kicheko cha kupasua vioo kimepungua. Akasema watoto wa darasa la kwanza wanamchosha mtu.

Miezi mitatu ikapita. Jumanne moja asubuhi, hakuna mgonjwa, daktari anasoma gazeti, binti wa mapokezi akaingia na orodha ya vitu vya kuagiza.

"Daktari, dawa ya A3 imekwisha tena. Hii mara ya nne tangu mwaka uanze. Halafu B2 na C2 zimepita muda wake, hazijafunguliwa hata." Akacheka. "Jamani, wagonjwa wetu siku hizi wote ni ukoo mmoja?"

Daktari naye akacheka. Kisha akaacha. Akakunja gazeti taratibu. "Niletee kadi," akasema. "Za mwaka huu. Unisomee rangi tu."

Mama Rangi alikuwa kwenye sinki anasugua vyombo, amewapa mgongo. Binti wa mapokezi akaketi na boksi la kadi mapajani, akaanza kusoma, hajui anachokisoma. "A3. A3. A3. A3." Alisoma kama mtoto anayekariri. "A3. A3." Mama Rangi akafungua maji zaidi, lakini maji hayakuweza kuifunika sauti ile. Akayafunga.

"A3. A3. A1. A3. A3."

"Basi," akasema daktari. "Inatosha. Tupishe kidogo, binti."

Mlango ukafungwa. Daktari hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Tangu lini?"

Mama Rangi akajifuta mikono kidole kwa kidole. "Huu ni mwezi wa nane sasa."

"Huoni kabisa?"

"Naona. Nakuona wewe. Rangi ndiyo imeondoka."

"Na yule kijana wa simu? Niliyemwambia ni sigara?"

Daktari akasimama, akaenda dirishani, akarudi. "Mimi ni kipofu wa rangi, Mama Rangi, lakini nilikuwa kipofu anayejua. Nilikuwa najilinda. Wewe umenifanya kipofu asiyejua. Miezi minane nawapaka watu usoni, najigamba! Ungeniambia tu. Wa kunificha mimi? Si nilikuambia ya kwangu?"

Kweli alikuwa amemwambia ya kwake, siku ile mlango umefungwa. Mama Rangi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angeweza kuomba msamaha pale pale, na nadhani daktari angemsamehe. Lakini binadamu akizama anashika anachokiona.

"Moja sikubahatisha," akasema.

"Lipi?"

"Hiyo A1. Hiyo ni ya binti yangu. Hizo nyingine sawa, nina makosa, nipe adhabu. Hiyo niliichagua kwa uhakika, na imekaa. Mwenyewe kaniambia imekaa. Mwite huyo wa mapokezi ampime, macho yake mazuri. Ikiwa sawa, basi bado ninacho kitu."

"Mama Rangi, hatuna haja..."

"Ampime!"

Binti yake alikuja alasiri baada ya shule, na vumbi la chaki kwenye mikono. Alipowaona wote watatu wamesimama, alielewa upesi kuliko walivyotaka. "Mama," akasema, "twende nyumbani."

"Simama dirishani."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema simama dirishani, mwanangu. Dakika moja tu."

Daktari akamwambia binti wa mapokezi ile siri yake ya miaka yote, kwa maneno mawili matatu, akiangalia sakafu. Siri ikawa ya watu zaidi, ikapoteza uzito wake. Kisha Mama Rangi akamkabidhi kibao. Na kwa kuwa yule binti hakujua hata kukishika, ilibidi amfundishe.

"Usimulikie taa. Zima hiyo taa. Mwambie alambe meno. Shika kijino karibu na jino zima la pembeni, lile ambalo halikuzibwa, usiliguse. Hesabu tano. Sasa tazama aproni yangu. Itazame hapa, tumboni. Macho yamepoa? Haya, tazama tena. Usifikirie sana, rangi ya kwanza uliyoiona ndiyo hiyo."

Binti wa mapokezi akasogeza kimoja, akakitoa. Akasogeza kingine. Akatazama aproni. Akasogeza cha tatu, akakaa nacho, akakigeuza kusoma herufi yake.

"Sema," Mama Rangi akamwambia.

"A3, mama."

"Rudia."

Akarudia, mwendo wote, sekunde tano, aproni, sekunde tano. "Ni A3. Si karibu, ni yenyewe kabisa. Hili lililozibwa ndilo..." Akamtazama daktari amsaidie. "Hili ni jeupe sana, mama. Linaonekana tangu mlangoni."

Fikirieni. Watu wote wale aliobahatisha, na huyu mmoja aliyekuwa na uhakika naye. Angebahatisha na kwa mwanawe, angepata. Alikuwa amemzibia jino la msichana wa kwenye ndoo, na aliyekaa kwenye kiti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mnywaji wa chai, mwalimu.

"Uliniambia ni safi," Mama Rangi akasema. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anauliza kweli.

"Watoto waliniambia kesho yake asubuhi," binti akasema. "Darasa zima. 'Mwalimu, futa chaki kwenye jino.' Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikasema leo mama atanieleza. Nikakukuta mlangoni. Ukaniambia nicheke. Ukasema kazi safi, mama, huku unalitazama sikio langu."

Huko chini, dukani, mtu alikuwa anapimiwa kitambaa, inasikika hesabu yake ya mita.

"Ningekuambia nini?" binti akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikuambie huoni? Mimi? Nikasema bora nifunge mdomo, watazoea."

Mama Rangi akanyoosha mkono kumfuta machozi, akakosa shavu, akagusa nywele, akaendelea kuzipapasa hapo hapo alipofika. "Basi," akasema. "Basi, mama. Yameisha."

Daktari ndiye aliyeamua kwamba lirekebishwe siku hiyo hiyo, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. Akavaa glavu. Akamwambia binti wa mapokezi naye avae, na amtafutie rangi ya ncha ya jino kabla hawajalikausha, maana ncha huwa nyepesi kuliko shina na si lazima iwe A3 yote. Kiti kikashushwa. Trei ikapangwa, na walioipanga hawakumwita. Mama Rangi alikuwa bado amesimama pale alipofundishia, mikono imening'inia. Katika chumba kile hakuwahi kusimama bila kushika kitu, na hakujua mtu wa namna hiyo husimama wapi.

Binti wa mapokezi aliinua kibao mdomoni mwa mgonjwa, akatazama, akajipinda, akatazama tena. Akageuka. Aliongea kwa heshima zake zote, kwa sauti ya chini.

"Samahani, Mama Rangi. Unanizibia mwanga."

"Ee," akasema Mama Rangi. "Samahani." Akasogea, akapapasa ukuta mpaka kwenye kile kiti cha wanaosindikiza wagonjwa, akaketi.